Uliza Mfamasia: Duka la dawa la kona limefungwa, ni wezi kweli?

SWALI: Mama, salamu nyingi. Naishi Philadelphia na mama yangu, niliyetoka naye Uvira. Anameza dawa za presha na anajidunga insulini. Duka la dawa lililokuwa hapo kona limefungwa, sasa mpaka tupande mabasi mawili. Majirani wanasema wezi ndio wamelifukuza, maana hata dawa ya meno ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la kioo. Ni kweli? Na sisi tufanyeje?
Msomaji, Philadelphia

JIBU: Salamu zimefika, mwanangu, na umpe mama pole.

Wezi wapo, sitawatetea. Ila mwizi wa shampuu peke yake hafungi maduka mamia kwa mamia. James Kehoe, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Walgreens, kampuni kubwa ya maduka ya dawa, alikiri mbele ya wachambuzi wa masoko Januari 2023 kwamba huenda mwaka uliotangulia walilia kupita kiasi kuhusu wizi. Oktoba 2024 kampuni hiyohiyo ikatangaza kufunga matawi yapata 1,200 ndani ya miaka mitatu. CVS, mshindani wake, ilikuwa imeshatangaza kufunga yake 900 mwaka 2021. Na Rite Aid, mzaliwa wa huko kwenu Pennsylvania mwaka 1962, iliomba kinga ya kufilisika 2023, ikarudi tena mahakamani 2025, na Oktoba ya mwaka huo ikafunga hata duka la mwisho.

Sasa njoo nyuma ya kaunta, nilikosimama miaka mingi. Daktari katuma cheti, nakiingiza kwenye kompyuta, na jibu linarudi kabla sijanyoosha mkono kwenye rafu: mgonjwa atatoa kiasi hiki, duka litalipwa kiasi hiki. Hakuna wa kubishana naye. Mara nyingine kinachorudi ni pungufu ya bei tuliyonunulia dawa yenyewe. Zile sindano mpya za sukari na za kupunguza unene zinaongoza kwa hilo. Natia dawa kwenye mfuko, namwambia mgonjwa ugua pole, na duka limeshakula hasara.

Anayepanga bei hiyo ni dalali anayekaa kati ya bima na duka. Wako wengi, lakini watatu tu, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanashughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa Marekani. Hilo jina la kwanza umeliona? Dalali na duka ni nyumba moja, tangu 2007. Mimi nikiwa mwenye kampuni na pesa inaingia kwa mlango wa dalali, nitalililia duka la kona? Duka la mtu binafsi ndilo linaloumia zaidi, maana halina mlango wa pili.

Zamani pengo hilo lilizibwa na bidhaa za mbele: peremende, kadi za siku ya kuzaliwa, vipodozi, kusafisha picha. Leo picha zimo kwenye simu, na sabuni watu wanaagiza Amazon au wanaifuata Dollar General, maduka ya bei nafuu. Tena kampuni hizi zilijenga maduka mno, mengine yakitazamana barabara ileile. Rite Aid ilinunua maduka ya Brooks na Eckerd mwaka 2007, na deni lile likaiganda kama kupe.

Kwa nini mtaani kwenu na si kwa wenye nazo? Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kawaida hulipa maduka kidogo kuliko bima za kazini. Tawi lenye wateja wengi wa Medicaid ndilo linaloonekana baya kwenye vitabu vya hesabu. Utafiti uliotoka Desemba 2024 katika jarida la Health Affairs ulikuta kwamba karibu duka 1 la dawa kati ya kila 3 yaliyokuwa yakifanya kazi kati ya 2010 na 2020 lilikuwa limefungwa kufikia 2021, na mitaa ya Weusi na ya Walatino iliathirika zaidi. Roxbury, kule Boston, watu waliandamana Walgreens yao ilipofungwa Januari 2024. Ilifungwa vilevile.

Basi tuje kwa mama. Kwa kawaida faili lake limehamishiwa duka jingine, lakini si lazima ulifuate huko. Chagua duka linalowafaa, waambie walivute faili. Kazi hiyo ni yao. Usitupe chupa tupu, lebo ina namba ya cheti. Kwanza piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima uulize duka hilo wanalikubali. Tafuta pia duka la mtu binafsi jirani, mengi yanaleta dawa nyumbani. Vidonge vya presha, omba vya siku 90 kama bima inaruhusu. Insulini kwa posta sipendi, hasa Julai, kifurushi kikishinda barazani juani. Mkilazimika, awepo mtu wa kuipokea.

Na mkifika kaunta mpya, daini mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Duka linalopokea Medicaid linawajibika kuwapatia, bure. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa dozi ya insulini.