Kabla hujaagiza mzigo wa bati, hesabu vipande

Mzee alifungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Igoma, Mwanza, mwaka 1987, enzi za ruksa za Rais Mwinyi. Kila bati lililotoka aliliandika kwenye kaunta buku: vipande, geji (unene wa bati), bei, na kijiji mzigo unakokwenda. Niliporithi duka nilikuta madaftari 19 yamefungwa kwa kamba ya katani, nikayaona takataka. Siku hizi siagizi mzigo bila kuyafungua.

Ila nilianza vibaya. Nilijumlisha shilingi za kila mwaka, nikaona mauzo ya Kisesa na Magu yanapanda tu, nikakopa, nikajaza stoo. Mzigo ulikaa mpaka mabati ya chini yakapata madoa meupe kwa unyevu. Nikayauza kwa bei ya kutupa. Ndipo nikarudi kwenye madaftari, safari hii nikihesabu vipande. Kumbe ipo miaka ambayo shilingi zimepanda huku mabati yamepungua! Mwishoni mwa miaka ya 80 mfumuko wa bei ulikuwa unazunguka asilimia 30 kwa mwaka, kwa hiyo Mzee angeweza kuuza pungufu na bado daftari likamsifu.

Serikali nayo ina daftari lake. Kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa kina majedwali ya ukuzaji rasilimali, yaani fedha zilizozama kwenye majengo, mitambo na vyombo vya usafiri. Kuna jedwali la bei za miaka husika na lingine la bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kupimia miaka yote ili mfumuko usikudanganye. Soma hilo la pili, na usiunge vitabu vya zamani na vipya kienyeji, maana mwaka wa kizio umehamishwa kwenda 2001, kisha 2007, kisha 2015. Ukiviunga hivyo hivyo utaona mlima ambao haupo. Kwenye majedwali yao ya namna hiyo, Marekani wana mstari wa majengo ya mashambani peke yake, tangu 1929, na humo unaona wazi jinsi ujenzi wa wakulima ulivyoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 30. Huku kwetu, mkulima wa Magu aliyefyatua tofali mwenyewe na kukata miti yake hana risiti. Risiti yake ni bati na misumari, na hiyo ninayo mimi.

Halafu kuna suala la msimu. Pamba huanza kununuliwa Mei, lakini usitegemee foleni dukani Mei. Pesa ikiingia hulipa madeni kwanza, kisha huenda mnadani kununua ng'ombe (Msukuma na ng'ombe, utamwambia nini?), na kinachobaki ndicho kinachopaua nyumba, kati ya Agosti na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Bati la Septemba basi linakusimulia mavuno yaliyopita. Mimi nikitaka kujua wakulima wanautazamaje msimu unaokuja, huangalia wanaoulizia plau na vipuri vyake. Mtu aliyekata tamaa na shamba hanunui plau.

Kilichonifundisha zaidi ni mwaka 2020. Wateja wa mialoni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, walimiminika, saruji na bati vikaisha, nikamwambia mke wangu uchumi wa samaki umerudi. Siku moja akaja mtu mmoja wa makamo, akachukua mabati manane tu, akaulizia lami. Nikamuuliza lami ya nini. Ya kuziba matundu ya misumari kwenye yale ya zamani, alisema. Ameyavua kutoka nyumba iliyoingiliwa na maji, anajenga tena juu kidogo. Ziwa Victoria mwaka ule lilipita hata kina cha 1964, kilichokuwa rekodi. Watu walikuwa wananunua ili kurudi pale walipokuwa, mimi nashangilia maendeleo.

Jioni ile nilifungua daftari la 1998, mwaka uliofuatia mvua za El Nino, ambao kwenye hesabu zangu nilikuwa nimeupa alama ya mwaka mzuri. Pembeni mwa mauzo ya mialoni, kwa kalamu nyekundu, Mzee alikuwa ameandika neno moja: maji. Nililipita nikikimbilia jumla. Kaunta buku langu sasa lina safu ya tano, "anajengea nini", na kijana wa kaunta haruhusiwi kumpa mteja risiti kabla hajamuuliza.