Bukavu hadi Lwiro na watoto: tusimame wapi?

Dada, umeuliza kama Jumamosi moja inatosha kwa Tshivanga, mlango wa Kahuzi-Biega, hifadhi ya gorila huku mashariki mwa Kongo, na Lwiro pia, ukiwa na watoto. Haitoshi. Chagua Lwiro, kufuata gorila ni kupanda msituni kwenye matope, si kazi ya miguu midogo.

Mukifika Miti, barabara ya Tshivanga inakata kushoto. Nyinyi endeleeni mbele, mupite Kavumu. Kituo cha utafiti cha Lwiro kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, na jengo lake la mawe na bustani utafikiri seminari kubwa. Omba muonyeshwe maktaba, halafu nyoka waliokufa waliohifadhiwa ndani ya chupa zenye dawa ya kuzuia kuoza. Watoto wangu walinyamaza kabisa pale, jambo la nadra.

Jirani kuna sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Wanatunzwa hapo tangu 2002. Mtoto mwenye mafua abaki nyumbani, maana sokwe wanaambukizwa na sisi.

Ulizeni kwanza hali ya usalama na ya barabara. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nunueni wakati wa kurudi, la sivyo gari litanuka samaki kutwa.