Mapezi ya boila yanaungua

SWALI: Boila yetu ya kuni, kiwanda cha chai Mufindi, ina ukuta wa mabomba yaliyounganishwa kwa vipande vya chuma bapa, yaani mapezi. Fundi alibadilisha mapezi hayo. Sasa yanaungua katikati. Kwa nini?

JIBU: Pima upana kwanza. Pezi hupozwa na maji yaliyo ndani ya bomba tu, kwa hiyo katikati, mbali na bomba, ndiko huungua. Mabomba ya milimita 60 yakipangwa milimita 80 kutoka katikati ya bomba hadi katikati ya jingine, pezi ni milimita 20. Unene wa milimita 6 unatosha. Mkiacha nafasi ya milimita 40 kati ya mabomba, chuma cha kawaida huenda kisidumu. Stenlesi (chuma kisichoshika kutu) msiweke: hutanuka kuliko bomba, ikapasua mchomeleo. Chomeleeni pande zote mbili kwa kupokezana, la sivyo paneli itapinda. Bomba likitobolewa na moto wa kuchomelea, lirekebisheni kwanza, kisha pimeni kwa shinikizo la maji kabla ya kuwasha.