Wiki ya mbio usipande Pen y Fan mkuu, mimi nililipia

Hapana mkuu. Hapana, hapana, hapana. Nimesoma bandiko lako nikiwa na kikombe cha chai baada ya shifti ya usiku, chai imepoa hapo mezani kwa ajili yako. Unasema una miaka 56, umejiandikisha nusu marathoni ya Oktoba ya Cardiff hapa Wales, unauliza ununue raba gani, ule nini usiku wa kuamkia mbio, basi gani linafika mlima Pen y Fan, halafu mwishoni umetupia kama kitu kidogo tu kwamba Jumapili ya wiki moja kabla wewe na shemeji mmeshachukua chumba Brecon mkapande mlima "kulegeza miguu, si ni kutembea tu".

Hiyo "si ni kutembea tu" ndo imenifanya niweke kikombe chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, yakanitoa mbio mbili na hela ambayo wife mpaka leo ananikumbusha kila nikigusa dukani kitu kinachozidi pauni ishirini.

Usije ukadhani anakujibu mtu wa kwenye sofa. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, nasukuma vitanda hospitalini hapa Cardiff miaka mingi, kukimbia nimeanza nikiwa na 51 baada ya kupimwa presha nikaona namba zinatisha. Mwaka ninaousema nilikuwa na 57 na msimu ulikuwa umekaa vizuri kuliko yote. Kila Jumamosi saa 3 asubuhi niko parkrun, zile mbio za bure za kila wiki, pale Blackweir kando ya mto Taff, njia tambarare kama sinia, kilomita 5 nashusha kwa dakika 24 na kitu, nikirudi nyumbani naangalia ile asilimia wanayokupa kulingana na umri wako na kujiona kijana. Aprili nikaenda Newport kilomita 10. Mei na Juni nikawa napanda vilima, Garth hapa nje ya mji mita 307, Sugar Loaf kule Abergavenny mita 596, Julai tukaenda kaskazini tukapanda Yr Wyddfa (Waingereza wanauita Snowdon) mita 1,085 kwa njia ya Llanberis, tunahema huku treni inatupita imejaa watu wanakula biskuti na kutupungia mkono. Halafu Agosti na Septemba sikugusa mlima hata mmoja, wodi hazina wafanyakazi, nafanya shifti za ziada, nakimbia barabarani tu. Hilo la Agosti na Septemba lishike, ndo lilikuja kuniumiza.

Sasa huyu kocha. Kwenye klabu tuliyokuwa tunakimbia nayo kulikuwa na kijana wa miaka 29, ana cheti cha ukocha, ana filimbi shingoni hata akienda kununua mkate nadhani analala nayo. Wiki mbili kabla ya mbio anatuambia sisi wazee wa kundi la nyuma kwamba Jumapili inayofuata hakuna kukimbia, tunapumzisha miguu, tutapanda mlima taratibu, damu itazunguka, misuli italegea. Mimi nikamuuliza, wiki moja kabla ya mbio kweli? Akacheka akanipiga bega akasema wewe umezaliwa chini ya Kilimanjaro unaogopa kilima cha mita 886? Na hapo ndo aliponimaliza, maana kweli mkuu, mtu umekulia unaufungulia dirisha mlima wa mita 5,895 kila asubuhi, unaambiwa mita 886, utakataaje? (Huyo huyo mpaka leo anadhani Tanzania iko Kenya na kwamba mbio ziko kwenye damu yangu. Mimi Mchaga, kwenye damu yangu kuna biashara tu.)

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likaenda vile vile.

Tulizunguka mkuu. Siyo ile njia fupi ya kutoka barabara ya A470 unapanda unashuka unarudi kula chipsi. Tuliacha magari upande wa mabwawa ya Neuadd, tukapanda ukingo, tukapita Corn Du mita 873, Pen y Fan yenyewe ambako kulikuwa na foleni ya watu wanasubiri kupiga picha na lile jiwe la kileleni, foleni kama ya vitambulisho vya NIDA, halafu Cribyn mita 795, ndo tukarudi. Kama kilomita 16. Hali ya hewa nzuri ajabu, tunaona mpaka bahari, natania watu, najisikia mwepesi. Kupanda hakukunifanya kitu. Nasisitiza, kupanda hakukunifanya kitu chochote, mapafu yalikuwa safi.

Shida ni kushuka. Ukitoka Pen y Fan kwenda Cribyn unashuka ngazi za mawe karibu mita 200 kwa mpigo, mawe yamekaa mshazari, kila hatua unaifunga breki kwa goti na paja. Unapanda tena Cribyn, halafu unashuka karibu mita 200 nyingine mpaka kwenye lile bonde wanaloliita Bwlch ar y Fan. Mwisho ukirudi ulipoacha gari, mita zote ulizopanda ndo hizo hizo umezishuka, hakuna wa kukusamehe hata moja. Mimi wakati huo nahesabu kilomita na kuangalia mapigo ya moyo kwenye saa, mapigo yako chini, najipongeza, eti leo nimepumzika.

Kama umewahi kupita Kitonga nyuma ya lori la mzigo utanielewa. Lori likipanda injini inalia lakini linafika. Likishuka, injini imetulia kabisa, dereva anapiga stori, na huku harufu ya breki inaingia mpaka kwenye basi lenu. Mapaja ndo breki zako. Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, alinieleza baadaye kwamba ukishuka, msuli wa paja unavuta huku unarefushwa, na hiyo ndo kazi inayouchana nyuzi ndogo ndogo kuliko kazi zote, na mapigo ya moyo hayakwambii kitu kwa sababu moyo hauchoki kushuka. Halafu maumivu hayaji siku ile. Yanakuja siku ya pili na ya tatu, umeshasahau.

Jumatatu niko fresh. Jumanne, mkuu, nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume nimeshika ukuta kwa mikono miwili, mtoto anarekodi. Kazini kuna mgonjwa wa miaka 80 na kitu nilikuwa nampeleka eksirei, akaniangalia ninavyotembea akaniuliza kama nataka tubadilishane, mimi nilale kitandani yeye asukume. Kukaa chooni ilikuwa ni kuanguka kwa mpango. Jumatano vile vile. Alhamisi nafuu, Ijumaa maumivu yameisha, nikaruka ruka jikoni, nikamwambia wife unaona, nimepona.

Hapo kwenye "nimepona" ndo mtego ulipo, na ndo sababu nakuandikia riwaya badala ya kulala. Maumivu kuisha na msuli kurudi nguvu ni vitu viwili tofauti. Nguvu inaweza kuchelewa siku nyingi baada ya maumivu kuondoka, na kwa umri wetu huu usiniambie habari za kijana wa 29 aliyeshuka nasi Cribyn akakimbia Jumatano yake kama kawaida. Fizio akaniambia na lingine, kama ningekuwa nashuka shuka vilima vidogo wiki zote zile, mapaja yangekuwa yamezoea na nisingeumia hivyo, msuli ukishakula mteremko mmoja unakuwa na kinga ya wiki kadhaa. Mimi nilikaa Agosti na Septemba nzima barabarani, halafu nikaenda kushuka mlima mkubwa siku saba kabla ya mbio. Yule kocha hakuniuliza hata mara moja mara ya mwisho kushuka mlima ni lini. Cheti anacho, filimbi anayo, swali hana.

Siku ya mbio ilianza vizuri. Tukatoka pale kwenye ngome, tukapita uwanja wa Cardiff City, tukapita kwenye lile tuta la ghuba upepo unatupiga ubavuni, miguu mizito kidogo lakini nikasema ni woga tu. Kwenye kilomita ya 12 nikaanza kusikia mapaja hayanishiki, nikitua goti linazama, basi bila kujua nikawa natua kwa vidole na kusukuma kwa kigimbi. Kilomita ya 17 hivi, tuko Roath Park kando ya ziwa, ule mnara mweupe wa kumkumbuka Kapteni Scott uko mbele yangu nauangalia, nikasikia PAA kwenye kigimbi cha kushoto. Mtu amenipiga teke! Nikageuka na hasira zote, nyuma yangu kuna mama wa makamo amevaa vazi la dragoni jekundu mpaka mkia, nikamfokea kwa Kiswahili "wewe mama unanipiga teke kwa nini?" Masikini hakuwa hata karibu, yuko mita tano, akaniuliza kwa upole kama niko sawa. Msuli ulikuwa umechanika.

Zimebaki kilomita kama nne. Mtu mwenye akili anakaa chini anasubiri watu wa huduma ya kwanza. Mimi nikakumbuka Kamworor, yule mkimbiaji wa Kenya, Machi 2016 mashindano ya dunia ya nusu marathoni hapa hapa Cardiff, alianguka pale pale wanapoanzia, akainuka na magoti yamechubuka, akawafukuza, akashinda, na Mo Farah akawa wa tatu. Nikasema kama yeye aliinuka na mimi namaliza. Kamworor alikuwa na miaka 23 mkuu!! Nikachechemea kilomita nne zote, dragoni akiwa pembeni yangu, nikapata medali, na fizio akasema kilichokuwa kidogo nimekifanya kikubwa kwa sababu ya medali ya bati.

Halafu hapo ndo bili zilipoanza. Fizio wa kulipia mwenyewe mara nane, pauni 45 kila mara. Shifti za ziada hakuna, huwezi kusukuma kitanda huku unasukumwa. Wiki ya tano nikajiona mjanja nikakimbia parkrun, kigimbi kikachanika tena pale pale. Mbio za Nos Galan za 31 Desemba kule Mountain Ash nikaziangalia kwa jezi ya kutazamia. Zile zinamkumbuka Guto Nyth Brân, mkimbiaji wao wa zamani, wanasimulia alishinda mbio za maili 12 mwaka 1737 kisha akafa pale pale baada ya kupigwa mgongoni kwa pongezi, nikawaza angalau huyo aliuawa na shabiki, mimi nimeuliwa na kocha.

Lakini iliyoniuma ni ya nyumbani. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya Kilimanjaro Marathon, nusu, nikimbie Moshi na kaka yangu na watoto wa dada, tumepanga mwaka mzima kwenye grupu la ukoo, fulana tumeshonesha. Tiketi hairudishwi. Nikaenda. Nikakaa uwanja wa Ushirika na soda mkononi, fulana ya ukoo nimevaa, mguu juu ya kiti, kaka yangu ana miaka 66 anaingia uwanjani kwenye raba za mtumba anacheka kabla hata hajafika. Mama akauliza mbele ya watu wote, huko Ulaya ulituambia unakimbia, ulikuwa unakimbia nini?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na siibadilishi, hata uniletee maprofesa kumi. SIKU 14 KABLA YA MBIO HUSHUKI MLIMA. Sijali unapanda kiasi gani, panda ngazi za ofisini ukitaka halafu urudi kwa lifti. Na usihesabu kilomita, hesabu mita za kushuka. Mimi sasa naziandika kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu kila wiki. Kwa mtu kama wewe uliyesema humu kuwa msimu mzima umekimbia lami, mimi ningesema hata siku 21. Kama unataka mlima kabla ya mbio basi anza sasa hivi, kidogo kidogo, Garth Jumamosi moja, shuka polepole, wiki inayofuata tena, na wiki tatu kabla ya mbio funga duka.

Mtu akikwambia ni kutembea tu, muulize unashuka mita ngapi. Akikosa jibu ondoka, hata kama ana filimbi. Hasa kama ana filimbi.

Basi ni T4 ya kutoka Cardiff kwenda Brecon, shuka kituo cha Storey Arms chini ya mlima, lakini panda BAADA ya mbio, Novemba, mkiwa na koti la mvua la kweli na tochi maana giza linaingia mapema, na kileleni kuna upepo ambao huku mjini hauusikii kabisa. Ile njia ya Corn Du ina nguzo ya kumkumbuka Tommy Jones, mtoto wa miaka 5 aliyepotea huko mwaka 1900, akaonekana baada ya siku 29, ameshafariki. Shemeji mwonyeshe, halafu muende taratibu.

Na hicho chumba cha Brecon, wapigie leo kabla hujalala uwaambie wakusogezee tarehe, wengi wanakubali ukiwahi. Wakikataa, nendeni, mle, mlale, mtembee kando ya mfereji ambako hakuna hata tuta, na mlima muutazame dirishani.