Nzi wa Atari na kisulisuli cha Qotile

Mmeuliza wiki hii: "Gemu gani ya zamani ungemwonyesha mtoto wa leo, na kwa nini?" Mimi jibu ninalo siku nyingi. Yars' Revenge, ya Atari 2600, ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni ya nyumbani, mwaka 1982. Najua wengi watawaandikia Space Invaders, na siwalaumu. Lakini ile mtoto anaielewa kabla hujamaliza kumweleza. Hii yangu lazima afe kwanza mara mbili tatu.

Tuliicheza Unguja, nyumbani kwa ami yangu, aliyekuja nayo kutoka Maskati. Televisheni ya rangi sisi tulikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Bara walisubiri hadi 1994, basi binamu zetu wa Dar wakija likizo, baharini hawaendi ng'o.

Wewe ni nzi. Ndiyo, nzi wa angani, jina lake Yar, unarukaruka upande wa kushoto. Kulia amejificha adui, Qotile, nyuma ya ngao ya vitofali. Ngao unaitoboa kwa risasi, au unaisogelea ukaila. Ukishakula kitofali, kushoto kabisa mwa kioo unatokea mzinga, na hapo ndipo pana utamu: mzinga ule unapanda na kushuka pamoja nawe, usawa ule ule. Ukibonyeza kile kitufe chekundu, mzinga unafyatuka nyuma yako na kombora linakuja kupita pale pale ulipo. Yaani unajilenga mwenyewe, unafyatua, kisha unakimbia. Kaka yangu alikuwa akisahau kukimbia. "Nzi kufa juu ya kidonda si haramu," ami anasema kutoka kitini kwake, bila kuinua macho gazetini.

Katikati ya kioo kuna utepe mpana unaometameta rangi. Ukiingia humo, kile kishale cha adui kinachokufuatafuata hakikudhuru, ila nawe huwezi kupiga risasi. Na usijisahau: Qotile akigeuka kisulisuli na kukurukia, humo humo anakumaliza.

Utepe huo ndio hasa ningemwonyesha mtoto. Mtunzi wa gemu, Howard Scott Warshaw, kazi yake ya kwanza pale kampuni ya Atari ilikuwa kuihamishia nyumbani Star Castle, gemu ya mashine za kwenye kumbi za michezo. Mashine ile ilichora kwa mistari myembamba inayong'aa, kitu ambacho Atari ya nyumbani haikukiweza. Akaona nakala itakuwa kichekesho, akaomba aunde gemu nyingine kwa kanuni zilezile. Kumbukumbu ya Atari ile ya nyumbani ilikuwa baiti 128. Ujumbe mmoja wa simu unabeba 140! Kaseti yenyewe ilikuwa baiti 4096, na humo hapakuwa na nafasi ya kuhifadhi michoro ya kupamba. Basi akachukua programu ya gemu yenyewe, zile baiti zinazoiendesha, akazimwaga kwenye kioo ziwe rangi. Nzi wetu alikuwa anajificha ndani ya maandishi yaliyomuumba, na sisi tumekaa mkekani tunasema "pazuri hapo".

Hata jina ni utani: Yar ni Ray iliyogeuzwa, na Ray Kassar ndiye aliyekuwa mkuu wa Atari. Inaniuma kwamba wengi wanamjua Warshaw kwa gemu ya filamu ya E.T., aliyopewa wiki 5 tu kuiandika, kisha wakamcheka.

Siku moja binamu yangu alikipiga kisulisuli kikiwa hewani. Pointi 6000 na roho ya ziada, ukumbi mzima makelele. Nzi wake akapita pale kilipopasukia, na gemu ikakatika ghafla. Kwenye kioo herufi tu: HSWWSH. Ami akachomoa waya, akasema tumeiua mashine, na binamu akafungiwa gemu wiki nzima. Kumbe ilikuwa sahihi ya Warshaw, herufi za majina yake kwenda na kurudi. Atari siku zile haikuwa na desturi ya kuwataja watunzi kwenye boksi, naye akajitaja ndani.

Nilipomweleza binamu, miaka mingi baadaye kwa simu, alinyamaza kidogo. Anaidai wiki yake mpaka leo.