"Get" ina maana ngapi? Majibu kwa wasomaji

Shikamoo mwalimu. Nilifundishwa kwamba "get" ni kupata. Sasa kila nikifungua kamusi nakuta safu nzima ya maana. Nizikariri zote?

Marahaba. Usizikariri. Iache "get" yenyewe, tazama kinachoifuata, maana hicho ndicho kinachoamua.

Ikifuatwa na nomino, kupata kwako kunafaa, pamoja na jamaa zake: kupokea, kununua, kuleta, kuelewa. "I got a letter" ni nilipata barua. "Get me a chair" ni niletee kiti. "I don't get the joke" ni sijauelewa utani wenyewe. Mafua nayo Mwingereza huyapata, "get a cold", ingawa sisi tunasema yametushika.

Ikifuatwa na kivumishi, sahau kupata kabisa. Hapo "get" inaeleza hali inayobadilika, na Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba badiliko hilo bila msaada: "get old" ni kuzeeka, "get fat" kunenepa, "get cold" kupoa, "get angry" kukasirika. Wengi hujikwaa hapa kwa kuandika "I am tired" kila mahali. "I am tired" ni nimechoka, yaani uchovu umeshafika. "I'm getting tired" ni naanza kuchoka. "I get tired quickly" ni huwa nachoka upesi. Ukitaka kujua utumie ipi, sema kwanza kwa Kiswahili usikie kama ulimi umetoa -me-, na- au hu-.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika: "get to the station". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to". "Get to home" ni kosa.

Ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, mara nyingi ni kutendwa: "he got arrested", alikamatwa. Si daima, lakini. "Get lost" ni kupotea, "get dressed" ni kuvaa, na "get married" ni kuoa, kuolewa na kuoana kwa pamoja. Anayeolewa na mwalimu "gets married to a teacher". Tukisema "with" ni ile "na" ya Kiswahili inayotuponza.

Kuna tofauti gani kati ya "I got my hair cut" na "I got him to cut my hair"?

Ya kwanza: nilinyolewa. Aliyeshika mkasi hatajwi kwa sababu si muhimu. Mpangilio ni "get", kisha kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi. Vivyo hivyo "I got my phone repaired": simu imetengenezwa, na si lazima uwe umeitengeneza wewe.

Ya pili: nilimshawishi anikate nywele. Hapa ni "get", kisha mtu, kisha "to" na kitenzi. Hiyo "to" ndiyo wengi wanaimeza, kwa kuifananisha na "make", ambayo haiitaki. Linganisha sentensi tatu: "I made him sign", nilimlazimisha asaini, "I had him sign", nilimwagiza asaini, "I got him to sign", nilimbembeleza hadi akasaini. Kiswahili huweza kuzimeza zote katika "nilimsainisha", kwa hiyo anayetafsiri asiridhike na -isha tu. Aangalie nani alimshinda nani, na kwa njia gani.

Rafiki ameniandikia "I got to see the doctor". Amemwona daktari au bado?

Inategemea. Kwa maandishi sanifu, amemwona: "get to" ikifuatwa na kitenzi ni kupata nafasi ya kufanya jambo. Lakini katika mazungumzo watu huangusha "have" ya "I've got to", ambayo ni lazima, na hapo maana inakuwa "sina budi kumwona daktari". Kama ujumbe una "tomorrow", bado hajamwona. Kama una "yesterday", ameshamwona. Kama hauna kimojawapo, muulize. Wewe mwenyewe ukiandika, usiiache "have" ikapotea.

"Gotten" ni Kiingereza kibovu?

Hapana, ni cha Marekani. Waingereza nao walikuwa nayo zamani, na mabaki yake yangali ndani ya "forgotten". Mmarekani huitumia kutenganisha mambo mawili: "I've got a car", ninalo gari, "I've gotten a car", nimepata gari. Uingereza "got" inabeba yote mawili. Chagua upande mmoja katika andiko lako. Na kama ni barua rasmi, ikwepe "get" inapowezekana: "received" kwa kupokea, "became" kwa kuwa, "arrived" kwa kufika.