Kutafuta mahali hita ya maji inapovujia

Ndugu yangu wa Chumbageni, nimekuelewa: hita ya umeme iliyotundikwa bafuni kwako inadondosha maji, nawe hujui yanatoka wapi. Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye swichi kuu, kwa maana maji na umeme vikikutana huua, kisha iache ipoe.

Ikaushe kwa kitambaa, uzungushie karatasi ya chooni kwenye kila kiungio ukianzia juu, kwa kuwa maji huteremka, na tone unaloliona chini mara nyingi limeanzia mbali. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayokuonyesha. Mimi nilibadilisha bomba la chini bure, kumbe nati ya juu ndiyo iliyokuwa imelegea.

Valvu ya usalama, yaani kile kifaa kidogo kinachoachia maji presha ya tangi inapozidi, ikidondosha kidogo wakati maji yanapopashwa moto tu, hiyo ndiyo kazi yake, kwa sababu maji yakipata moto hutanuka; nakusihi usiizibe kamwe, kwani tangi laweza kupasuka. Ikidondosha mfululizo, fundi bomba aikague pamoja na presha ya maji.

Maji yakitoka kwenye tangi lenyewe, hasa kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, huenda kutu imelitoboa. Hapo nunua hita nyingine. Ukiona waya zimelowa, usiwashe tena mpaka fundi umeme azikague.